Majina Kumi na Moja ya Fundi Dukicha

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, Dukicha Komora alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya shamba la migomba nje kidogo ya Garsen, akifungua pampu ya maji iliyokataa kunyonya, simu yake ilipolia mlio wa ujumbe. Hakuitazama. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, na mwenye shamba alikuwa amemsimamia kichwani kama mtu anayengoja mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji. Alipokwisha kuifunga akavuta kamba. Pampu ikakohoa mara tatu, ikashika, maji yakaanza kwenda. Ndipo akapangusa mikono kwenye suruali na kuitoa simu.

Ujumbe ulitoka kwa Valentine. Dukicha na Valentine walikuwa wakiandikiana kwa miezi minne, na kila asubuhi Valentine alikuwa akiuliza amelalaje. Siku hiyo hakuuliza. Alikuwa ametuma picha, na picha hiyo Dukicha aliijua vizuri kwa kuwa ni yeye aliyejipiga, chumbani kwake, Jumamosi moja alasiri baada ya kuoga, naye hakuwa amevaa kitu. Chini yake paliandikwa: "Elfu thelathini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo inaenda kwa hawa." Kisha yakafuata majina, moja chini ya jingine, pamoja na vipicha vyao vya Facebook. Yalikuwa kumi na moja.

"Imeshika sawasawa?" mwenye shamba aliuliza.

"Imeshika," Dukicha alisema, akaanza kukusanya spana zake.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, Mpokomo wa Wenje, aliyekuja Garsen akiwa kijana na kujifunza injini kwa kuzifungua. Kuanzia Wenje hadi Chara hapakuwa na mkulima mwenye pampu asiyekuwa na namba yake. Hakuwa msemaji. Akisema injini imekufa, wenyewe waliizika, hawakuita fundi wa pili. Kanisani alikuwa mmoja wa wazee, na Jumapili mbili kwa mwezi ndiye aliyesoma neno, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya mashine. Mkewe, mama Teresia, alikuwa ameaga dunia miaka minne nyuma. Binti yao wa pekee, Teresia, alikuwa muuguzi Hola.

Valentine alimwomba urafiki kwenye Facebook wakati wa mvua za vuli. Alisema yuko Mombasa, ana saluni, na amechoka na vijana. Dukicha alimjibu kwa heshima. Baada ya wiki mbili alishangaa kujikuta anamweleza mwanamke asiyemjua jinsi ya kubadilisha gasketi ya pampu, na mwanamke huyo anauliza maswali ya maana. Aliuliza pia habari za goti lake. Goti hilo lilikuwa likimuuma tangu mwaka juzi, na hapa duniani hakuwa amemwambia mtu mwingine. Kwa hiyo siku Valentine alipotuma picha yake bila nguo akaomba na ya kwake, Dukicha alikaa kitandani kwa muda, akajitazama, akaona hapana mtu aliyewahi kuomba kitu hicho tangu awe mtu mzima. Akaisimamisha simu dirishani.

Sasa alirudi nyumbani, akafunga mlango, akaketi kwenye kitanda kilekile.

Pesa alikuwa nazo. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Lakini maisha yake yote alikuwa ameona watu wakifunga mpira wa maji unaovuja kwa kipande cha tyubu, wakaridhika, na kesho yake wakafunga tena, na kesho kutwa, hadi mpira wote ukawa tyubu na maji hayafiki shambani. Alijua Ijumaa hii ikilipwa itakuja nyingine. Na majina kumi na moja hayakuwa mengi kuyafikia na kuyaambia mwenyewe kabla ya Ijumaa. Kuna wiki alikuwa amewafikia wateja zaidi ya hao.

Akachukua kipande cha boksi alichokuwa akikatia gasketi, akayaandika majina yote, akayapanga kama anavyopanga kazi: kwa njia, si kwa uzito. Hola ilikuwa mbali, kwa hiyo alimpigia Teresia simu.

"Baba, nani amekufa?" Teresia alipokea hivyo, kwa kuwa baba yake hakuwa na desturi ya kupiga simu Jumanne.

"Hakuna aliyekufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mwanangu, Ijumaa huenda ukatumiwa picha. Usiifungue."

"Picha gani?"

Dukicha alitazama ukutani. Palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. "Yangu," alisema. "Sina nguo."

Akaiangalia simu kuona kama salio limekwisha.

"Uko na nani hapo?" Teresia aliuliza.

"Peke yangu."

"Umejipiga mwenyewe?"

"Nimejipiga mwenyewe."

Sauti ya Teresia sasa ilikuwa ile ya wodini, ya kuwaambia watu vua shati, geuka. "Usilipe hata shilingi. Usimjibu, lakini usifute kitu. Kila alichoandika kipige picha ukihifadhi, na namba yake pia. Halafu nenda polisi."

"Polisi?"

"Anayetisha mtu hivyo ametenda jinai, baba. Kosa la sheria ni lake. La upumbavu ni lako. Nina wagonjwa." Akakata simu, na kwa wiki tatu hakupiga tena.

Wa pili alikuwa Rebecca, dada wa marehemu mkewe, kiongozi wa kwaya ya akina mama, anayeishi nyumba ya tano kutoka kwake. Alimkuta barazani akichagua mchele.

"Keti, shemeji."

"Nitasimama," Dukicha alisema, akamweleza akiwa amesimama, kofia ya pikipiki mkononi.

Rebecca aliendelea kuchagua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa uani, akatoa jingine. "Huyo mwanamke ulikuwa unamwambia nini miezi minne?"

"Mambo ya kawaida. Kazi. Goti. Nimekula nini."

"Ulimwambia uko peke yako?"

"Nilimwambia."

"Sahani ya chakula ninayoleta kila Jumapili, mwaka wa nne huu, huwa inajileta yenyewe?"

Dukicha alikuwa amejiandaa kusemwa juu ya picha, na juu ya picha angejitetea, lakini kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Ungeoa ningenuna wiki moja, kisha ningeshona sare ya harusi," Rebecca alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la mchele. "Lakini picha! Wazee wamesema mficha uchi hazai. Hawakusema uupige picha."

"Hawakusema."

"Na mimi hujaniambia hata siku moja kama goti linakuuma. Unachechemea barabarani watu wananiuliza mimi, nasema sijui. Haya nenda, unao wengine."

Mchungaji alimpokea ofisini, akafunga dirisha, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza jambo moja tu. "Uso unaonekana?"

"Unaonekana."

"Tuombe," mchungaji alisema. Sala ilikuwa ndefu, na ndani yake aliziombea simu zote kwa jumla. Baada ya amina akamwambia kwamba itabidi kamati ikae, na Dukicha akasema anaelewa, angekuwa yeye pia angeita kamati. Kabla ya giza kuingia alikuwa amewaambia na wateja wake watatu wa hapo Garsen.

Jumatano alikwenda Wenje kwa mwalimu mstaafu aliyemfundisha darasa la sita, ambaye alisikiliza, akasema "Hm," akamwonyesha taa ya sola isiyowaka. Dukicha akaitengeneza. Wakati wa kurudi akaiacha barabara kuu, akaingia nyikani kumtafuta Godana.

Godana alikuwa mfugaji, Muorma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache kuliko hata Dukicha. Walijuana tangu mwaka ule mbaya ambao wakulima na wafugaji wa huku walikuwa hawasalimiani. Pampu ya kisima cha akina Godana iliharibika, na Dukicha alikwenda akaitengeneza bila kumwambia mtu, akarudi. Alimkuta sasa kwenye kivuli chembamba cha mti wa mathenge, fimbo mabegani, ng'ombe wakiwa wamelala kote kumzunguka. Akamweleza.

"Fundi," Godana alisema, "simu yangu ni ya tochi. Picha naingia wapi?"

"Kuna Facebook yenye jina lako. Ina picha ya ng'ombe."

"Hiyo nafungua mtoto wangu. Mimi sijui." Alimtazama Dukicha kwa makini, kama anayetazama mnyama asiyekula. "Sasa wewe natoka Wenje, jua kama hii, unakuja kuniambia una mwili?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua una mwili."

Dukicha hakucheka, lakini aliketi chini, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote tangu jana. Godana akamsogezea kibuyu cha maziwa.

"Huyo mwanamke ni mzuri?"

"Sidhani kama ni mwanamke."

Godana alilifikiria hilo. "Mtu akiiba ng'ombe, sisi nafuata nyayo. Huyu nyayo hana," alisema hatimaye. "Hiyo ni mbaya. Kunywa."

Alhamisi asubuhi alimaliza Chara, ambako alikuwa na binamu wawili. Mmoja alicheka hata akashika mti. Mwingine aliuliza kama elfu thelathini ndiyo bei ya watu wote ama hupangwa kwa mtu. Saa saba mchana alikuwa amerudi Garsen, na kwenye boksi lilibaki jina moja, Mukhtar.

Mukhtar alikuwa na duka la spea karibu na kituo cha mabasi ya Lamu na Malindi. Dukicha alinunua kwake kwa miaka kumi na mbili. Mukhtar alikuwa mtu nadhifu, kanzu haina alama hata katikati ya grisi, mjumbe wa kamati ya msikiti, na hakupenda kuegemewa kaunta yake. Alimsikiliza Dukicha huku akipanga plagi za injini kwenye rafu. Alizipanga, akazipangua, akazipanga upya.

"Mimi sina haja na mambo hayo, Fundi," alisema. "Ikija nitafuta. Kama unataka spea sema."

"Sitaki spea."

"Basi."

Dukicha akatoka. Alikuwa anafunga mkanda wa kofia Mukhtar alipotoka dukani mbio, na plagi moja mkononi.

"Umesahau plagi yako."

"Sikununua plagi."

"Chukua tu." Lakini hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili, basi la Lamu likipiga honi nyuma yao. "Wewe hutalipa?"

"Silipi."

"Mimi nimelipa tangu Ramadhani," Mukhtar alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. Yake ilikuwa simu ya video, dakika moja na nusu bila nguo, iliyorekodiwa, na aliyeipiga alijiita jina jingine. Walimtisha kwamba watampelekea Kadra mkewe, na kamati ya msikiti. Alilipa. Wakaja tena. Akauza pikipiki, akamwambia Kadra imeibwa. Wakaja tena. "Jana wametaka tena. Leo baada ya sala ya alfajiri nilitembea mpaka daraja la mto. Lori la ng'ombe limeharibika katikati ya daraja, watu wamejaa, ng'ombe wanalia. Sikupata hata nafasi ya kusimama."

"Ya kusimama tu?"

"Fundi, usiniulize hivyo."

Dukicha hakuuliza tena. Mto aliujua, alikuwa amevuta pampu nyingi kutoka chini yake. Aliitazama kanzu ile safi, na hapo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akakasirika. Kwa ajili yake mwenyewe alikuwa ameona aibu tu.

"Funga duka," alisema.

"Saa hizi?"

"Funga, twende."

Mukhtar hakuwahi kupanda nyuma ya pikipiki ya mtu akiwa na kanzu. Siku hiyo alipanda.

Kituoni askari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu imefungwa kwa uzi mezani. Dukicha akaeleza ya kwake. Mukhtar akaeleza ya kwake, akitazama ule uzi. Askari aliandika yote bila kuinua macho, akataka namba, akataka picha za ujumbe, akazihamisha kwenye simu yake. Alipofika kwenye ile ya bila nguo aliigeuza simu kifudifudi mezani bila kuambiwa.

"Nyinyi ni wa tano na wa sita mwezi huu," alisema. "Ila ndio wa kwanza kuja wawili." Akamgeukia Mukhtar. "Bwana, usilipe tena. Laini hizi nyingi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote. Tutafuatilia, lakini siwezi kukuahidi kwamba utamwona huyo mtu. Ninachokuahidi ni kwamba akilipwa atarudi. Nyumbani umesema?"

"Bado."

"Basi huko ndiko kazi ilipo," askari alisema, akawapa namba ya taarifa kwenye kikaratasi, kila mmoja chake.

Mukhtar alikwenda nyumbani kusema. Dukicha alimshikia duka, akauza plagi mbili na kebo ya klachi. Baada ya saa nzima Mukhtar akarudi, kofia mkononi, macho mekundu.

"Amesemaje?"

"Ameuliza pikipiki. Nikamwambia. Akaniambia yeye miezi yote hii alidhani nimeoa mke wa pili Malindi, na pesa zinakwenda huko. Amelia sana. Halafu akasema afadhali."

"Afadhali hii au afadhali ile?"

"Sikuuliza," Mukhtar alisema, akaingia nyuma ya kaunta, akaketi.

Ijumaa saa sita mchana Dukicha alikuwa shambani kwa mtu. Ujumbe ukaingia: "Umechagua mwenyewe." Hakujibu. Picha ilitumwa kwa watu wanne kati ya wale kumi na mmoja. Labda Valentine, au hao waliokuwa Valentine, walichoka njiani, au walikuwa na wengine wa kushughulikia. Wote wanne walikuwa wameshaambiwa. Wote walisema wameifuta. Mmoja hakuifuta, maana Jumatatu ilikuwa imefika kituo cha mabasi, na mpaka leo haijulikani ni nani.

Itakuwa uongo kusema haikumuuma. Alipopita kununua nyanya, kijana mmoja wa boda aliita, "Fundi, leo umevaa!" na safu nzima ikaangua kicheko. Dukicha alinunua nyanya, akalipa, akangojea chenji yake, akaondoka kwa mwendo uleule. Nyumbani aliziweka nyanya mezani, akajilaza akiwa na viatu, akalia kama hakuwahi kulia hata kwenye mazishi. Siku mbili hakupokea simu ya mtu. Mkulima mmoja alipoteza kitalu cha nyanya kwa sababu ya siku hizo mbili, na hakumlaumu, jambo lililokuwa gumu kulibeba kuliko lawama.

Kamati ya kanisa ilikaa Jumatano. Walikuwa watu saba, Rebecca akiwa mmoja wao, na mchungaji kwenye kiti cha mbele, na Dukicha amesimama mbele yao. Ilisomwa barua ya malalamiko. Wakasema walivyosikitika, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaanza kwa kueleza kwamba yeye hakuiona picha hiyo. Ikafika zamu ya katibu, mtu mpole wa miwani.

"Mimi nina jambo dogo," katibu alisema. "Ile ngazi ya kanisa, iliyopotea tangu Pasaka. Naona ndugu yetu Dukicha anayo. Iko nyuma ya kabati."

Rebecca akamgeukia.

"Umeingia lini chumbani kwake?" Rebecca aliuliza.

"Sijaingia."

"Ngazi umeionea wapi?"

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Niliona kwa bahati mbaya."

"Kwa bahati mbaya, mpaka nyuma ya kabati?"

Mchungaji akasema tuombe. Baada ya sala mjadala ulikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa. Dukicha aliondolewa kusoma neno na kuketi kwenye kamati kwa miezi sita, na akatakiwa airudishe ngazi. Akasema ni haki. Aliirudisha jioni hiyohiyo, akiipitisha begani katikati ya mji, na watu wakampisha kwa sababu ngazi ni ndefu. Wiki ya pili ya adhabu yake pampu ya kisima cha kanisa ilikataa kuwaka. Walimwita, akaenda akaitengeneza, akanawa, akaketi benchi la nyuma na wengine.

Teresia alipopiga simu baada ya wiki tatu alianza na goti. Shangazi, ndivyo alivyomwita Rebecca siku zote, alikuwa amemwambia. Alimtaka aje Hola lipigwe picha. Neno hilo lilipotoka, Teresia akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Dukicha akasema atakuja. Alikwenda, wakakaa pamoja siku nne, na siku ya tatu, wakila, Teresia aliuliza, "Huyo mtu, unamkumbuka?"

"Nakumbuka maswali yake," Dukicha alisema. "Alikuwa anauliza vizuri."

Teresia akamwongezea samaki.

Yule aliyejiita Valentine hakupatikana, faili bado liko wazi. Mukhtar alitishwa mara mbili tena, akanyamaza, kisha akaachwa. Alinunua pikipiki nyingine, kuukuu, na siku za Ijumaa baada ya sala hupita kwa Dukicha wakanywa chai bila kuzungumza mambo mengi. Vijana wa boda walipata la kuchekea jingine, mvua ziliponyesha na mgombea mmoja wa siasa akakwama na gari lake kwenye matope akitangaza habari ya barabara.

Kitu kimoja hakikuisha. Miezi mitano baadaye Dukicha alipigiwa simu na mwanamke wa Chara asiyemjua, mwalimu, jina lake Sadia. Alisema pampu yake haifanyi kazi.

"Ni ya aina gani?"

"Ya kawaida."

"Inakataa kuwaka au inawaka haivuti?"

"Vyote," mwanamke alisema.

Dukicha alikwenda. Alimkuta amesimama kando ya shamba la mpunga, ameshika simu kwa mikono miwili. Aliangalia huku na huku. Shambani hapakuwa na pampu, wala mpira, wala alama ya kwamba paliwahi kuwa na pampu. Alikuwa wa tatu wa namna hiyo tangu mwaka uanze. Dukicha akaiegemeza pikipiki, akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa mfereji ili mwanamke naye apate kuketi.

"Wamekupa mpaka lini?" aliuliza.

Sadia akaketi. "Jumamosi," alisema.

"Leo Alhamisi. Wako wangapi?"

"Tisa."

"Mimi nilikuwa na kumi na moja," Dukicha alisema. "Kwanza polisi, nitakupeleka. Kisha hao tisa. Nani anakaa karibu zaidi?"

"Mama mkwe."

Dukicha akachukua kofia yake.

"Tuanze na wa mbali," alisema.